Siri ya kuoanisha saa zilizo mbalimbali

HAKUNA saa mbili ziendazo sawa daima, hata zile za atomu. Hitilafu ya sehemu moja ya milioni ya sekunde katika saa ya setilaiti yatosha kuleta kosa la takriban mita 300 katika kipimo cha umbali anachotegemea nahodha, kwani huo ndio mwendo wa mawimbi ya redio kwa muda huo.

Je, saa iliyoko Washington huoanishwaje na ya Paris, ilhali ujumbe wenyewe huchelewa njiani?

Wataalamu wana mbinu mbili kuu. Kwanza, vituo vyote viwili hupokea mawimbi ya setilaiti moja ya GPS kwa wakati mmoja. Kila kimoja huondoa muda wa safari ya mawimbi, kisha hunakili tofauti baina ya saa yake na ya setilaiti. Tofauti hizo zinapolinganishwa, kosa la setilaiti hujifuta.

Pili, vituo hutumiana ishara kupitia setilaiti ya mawasiliano. Kwa kuwa njia ya kwenda na kurudi ni karibu ile ile, ucheleweshaji hufutana.

Matokeo hupelekwa Sèvres, Ufaransa, ambako afisi ya kimataifa ya vipimo, BIPM, hukokotoa majira ya dunia kutokana na saa zaidi ya 400.