KUPANDISHA MKONO WA MASHINE KATIKA BOTI

Manahodha, mafundi na watumishi wote wanaotumia boti zenye usukani wa gurudumu wanaelezwa kama ifuatavyo.

Mkono wa mashine, yaani ule utiao gia na kuongeza mafuta, mara nyingi hufungwa kwa kipimo cha mtu aliyekaa. Nahodha apitaye penye miamba na maji madogo, kama kati ya Mkokotoni na Tumbatu, husimama ili aone mbele ya omo. Kila akiinama kuushika, macho huacha njia. Inafaa upandishwe hadi usawa wa kiwiko chake akiwa wima. Wakipokezana wawili, kipimo kiwe cha aliye mrefu, na mfupi awekewe kibao cha kusimamia kisichoteleza.

Kupandisha ni kazi ndogo. Hatari imo katika waya. Waya hizi husukuma na kuvuta ndani ya mrija, hivyo zisipindwe kwa duara lenye upana chini ya sentimita 40. Iliyo fupi ibadilishwe, isiungwe. Waya iliyobanwa huweza kuiacha gia ndani hali nahodha anadhani ameitoa, na boti ikasonga huku abiria wanashuka gatini.

Chuma kisiwekwe karibu na dira, kwani huipotosha.

Kabla ya abiria kupanda, boti ifungwe imara, mashine iwashwe kwa mwendo mdogo, na ithibitike kuwa gia yaingia mbele, nyuma, na hasa hurudi katikati. Kisha mashine izimwe, ijaribiwe tena gia ikiwa ndani: haitakiwi kuwaka.