Mbwa wadogo: manyoya yakianguka, si kila mara ni ugonjwa

Manyoya kwenye viti, kwenye nguo, hata karibu na sahani: ndiyo malalamiko ya wengi wanaofuga mbwa wa kimo kidogo. Wengine hukimbilia dawa ya kwanza wanayoipata sokoni. Lakini kabla ya kutoa pesa, inafaa kujua kama mnyama ni mgonjwa kweli, au ni manyoya yake tu ndivyo yalivyo.

Kila aina na manyoya yake

Chihuahua mwenye manyoya mafupi huyaangusha mwaka mzima: kila unywele hukua kwa muda mfupi, hupumzika, kisha huanguka. Spitz mdogo, ambaye wengi humwita Loulou, ana tabaka mbili, na ile laini ya chini hutoka kwa wingi. Caniche, Bichon na Yorkshire wao manyoya yao hukua muda mrefu, karibu kama nywele za mtu. Huanguka kidogo, lakini lazima yachanwe na kukatwa. Yasipochanwa husokotana, huvuta ngozi na kuficha vidonda.

Mnamo mwaka 2009, watafiti walionyesha katika jarida la Science kwamba jeni 3 tu zinaeleza sehemu kubwa ya tofauti hizo kati ya mbwa wa aina mbalimbali.

Na aleji je?

Mwaka huohuo, familia ya Rais Barack Obama wa Marekani ilimpokea Bo, mbwa wa maji wa Ureno asiyeangusha manyoya mengi, kwa sababu binti yao mmoja ana aleji. Tangu hapo wauzaji wengi husifu mbwa "wasio na aleji". Mnunuzi awe macho: kinacholeta aleji hasa ni protini zilizo katika mate, mkojo na magamba ya ngozi, na kila mbwa anazo. Mwenye pumu akae kwanza karibu na mnyama kabla ya kumnunua.

Dalili za kuangalia

Manyoya yakitoka mwili mzima bila ngozi kuonekana, hakuna haja ya kuogopa. Hatari iko kwenye upara. Mbwa akijikuna usiku na mchana, ngozi ikawa nyekundu au na maganda, huenda ni viroboto au upele. Upara wa mviringo unaweza kuwa choa. Upele wa aina moja na choa huambukiza watu, hasa watoto wanaolala na mbwa: mnyama atengwe, mikono ioshwe.

Upara ulio sawa pande zote mbili za mwili, bila kujikuna, mara nyingi hutokana na homoni. Kwa Spitz, manyoya ya kiwiliwili yanaweza kuisha na ngozi kuwa nyeusi huku kichwa na miguu vikibaki vizuri. Spitz akinyolewa hadi karibu na ngozi, manyoya yanaweza pia kukawia sana kurudi. Na Yorkshire anayefungwa nywele kwa mpira wa kubana kila siku hupata upara pale pale.

Dawa ya ng'ombe ni hatari

Mafuta machafu ya gari yasipakwe kamwe: huunguza ngozi, na mbwa huyalamba. Sindano ya ng'ombe ya ivermektini ya asilimia 1 nayo ina miligramu 10 katika kila mililita, na mililita 1 ni kipimo cha mnyama wa kilo 50. Chihuahua wa kilo 3 akipewa hiyo, amepata zaidi ya mara 16 ya kipimo hicho. Anaweza kutetemeka, kupofuka, hata kufa.

Mganga wa mifugo hukwangua ngozi kidogo na kuitazama kwa darubini ili ajue kama kuna vidudu vya upele. Kipimo hicho ni cha dakika chache tu. Ndipo dawa ichaguliwe, kufuatana na uzito wa mbwa mwenyewe.