Soka la Wanawake Afrika Mashariki (3): Mashindano ya CECAFA

Zanzibar ndiyo iliyoandaa mashindano ya kwanza ya CECAFA, baraza la soka la Afrika Mashariki na Kati, kwa timu za taifa za wanawake, mwaka 1986, na ndiyo iliyotwaa kombe. Uzito wa mwaka huo hauonekani mpaka ulinganishwe na yaliyokuwa yakitendeka kwingineko. FIFA ilikuwa bado haijaanzisha Kombe la Dunia la wanawake. La kwanza lilichezwa China mwaka 1991. Afrika nayo ilimpata bingwa wake wa kwanza, Nigeria, mwaka huohuo wa 1991, tena kupitia mechi za kuwania nafasi ya kwenda China. Kwa hiyo ukanda huu ulikuwa na bingwa wa wanawake miaka mitano kabla ya bara lenyewe.

Uongozi huo haukudumu. Baada ya 1986 mashindano yalilala kwa miaka 30. Kombe la wanaume la CECAFA, lililoanza mwaka 1973, liliendelea kuchezwa karibu kila mwaka, ingawa nalo halikukosa kuahirishwa. La wanawake halikuchezwa. Msichana wa Unguja aliyeshuhudia ubingwa ule akiwa na miaka kumi alifika arobaini kabla ya kombe kushindaniwa tena. Visiwani mpira wa wanawake haukufa kabisa: filamu ya Florence Ayisi ya mwaka 2007, *Zanzibar Soccer Queens*, inawaonyesha wachezaji wa timu ya Women Fighters wakifanya mazoezi na kucheza huku baadhi ya watu wakipinga wazi mwanamke kuvaa bukta na kuingia uwanjani. Ila timu ya namna hiyo, isipokuwa na mashindano ya kimataifa ya kulenga, huchezea mapenzi tu.

Nchi jirani hazikukaa bure katika kipindi hicho. Uganda ilicheza fainali za Afrika mwaka 2000, Ethiopia ikamaliza ya nne mwaka 2004, na Tanzania, yaani Twiga Stars, ikafuzu kwa mara ya kwanza mwaka 2010. Katika fainali hizo, zilizochezwa Afrika Kusini, ilipoteza mechi zote tatu. Zote hizo zilipita njia ya mechi za mchujo za nyumbani na ugenini, ambako timu ikiteleza kwa mpinzani mmoja inakaa bila mashindano mpaka mchujo mwingine.

Mashindano yalifufuliwa Septemba 2016 nchini Uganda, katika kituo cha ufundi cha shirikisho la soka huko Njeru, ng'ambo ya Mto Nile kutoka Jinja. Timu saba zilishiriki. Fainali iliwakutanisha Tanzania na Kenya, na Twiga Stars wakashinda 2-1 kwa mabao mawili ya Mwanahamisi Omari. Kenya haikutoka mikono mitupu, kwani miezi miwili baadaye Harambee Starlets walikuwa Cameroon kwa fainali zao za kwanza za Afrika, wakiwa wametoka kucheza mechi za ushindani mfululizo.

Mwaka 2018 zamu ilikuwa ya Kigali. Timu zilikuwa tano, zikacheza kwa mtindo wa ligi. Tanzania ilianza kwa kulazwa 1-0 na wenyeji Rwanda, lakini ikajikusanya na kutetea ubingwa kwa kuichapa Ethiopia 4-1 katika mechi yake ya mwisho.

Mashindano ya Novemba 2019, yaliyochezwa Chamazi, Dar es Salaam, yanastahili kutazamwa kwa karibu zaidi. Timu ziliongezeka hadi nane. Sudan Kusini ilicheza hapo mechi ya kwanza ya kimataifa katika historia ya timu yake ya wanawake, ikafungwa 9-0 na Tanzania. Siku chache baadaye ikapata ushindi wake wa kwanza, 5-0, na aliyefungwa ni Zanzibar, bingwa wa 1986. Hakuna matokeo yanayoonyesha gharama ya ile miaka 30 waziwazi kuliko hayo. Zanzibar si mwanachama wa FIFA, na uanachama wake kamili wa CAF, shirikisho la soka la Afrika, uliotolewa Machi 2017, ulifutwa baada ya miezi michache tu. Kwa timu yake ya wanawake, CECAFA ndiyo karibu mlango pekee wa mechi za kimataifa, na mlango huo ukifungwa haina pengine pa kupimia nguvu zake.

Kombe la 2019 lilikwenda Kenya. Ilifika fainali bila kuruhusu bao hata moja, ikawalaza wenyeji 2-0, mabao yote mawili yakiwa ya Jentrix Shikangwa.

Kisha pengo tena, safari hii likichangiwa na korona. Mashindano yaliporudi Njeru, Juni 2022, Kenya haikuwepo kwa sababu shirikisho lake lilikuwa limefungiwa na FIFA. Uganda iliifunga Burundi 3-1 katika fainali, na mwezi uliofuata timu zote mbili zilicheza fainali za Afrika nchini Morocco. Tanzania, kwa upande wake, ilikuwa imeonja ubingwa wa ukanda mwingine: mwaka 2021, ikiwa timu mwalikwa, ilitwaa kombe la COSAFA, la nchi za kusini mwa Afrika, kwa kuifunga Malawi 1-0.

Kusuasua huku kuna sababu iliyo wazi. Bingwa wa CECAFA hapati tiketi ya kwenda popote. Mashindano ya klabu za wanawake ya ukanda huuhuu, yaliyoanza 2021 kwa ushindi wa Vihiga Queens ya Kenya, yamechezwa kila mwaka tangu hapo kwa kuwa mshindi wake huingia Ligi ya Mabingwa ya Afrika. Ratiba ya CAF huyalazimisha yafanyike. Ya timu za taifa hungoja utashi wa mwenyeji.

Juni 2025 yalirejea Chamazi kwa timu tano. Tanzania iliifunga Kenya 1-0 na kuchukua kombe kwa mara ya tatu. Mwezi uliofuata ilikuwa Morocco, katika fainali zake za pili za Afrika, na baada ya kufungwa 1-0 na Mali ilitoka sare ya 1-1 na Afrika Kusini, waliokuwa mabingwa watetezi. Opa Clement ndiye aliyefunga, na hiyo ikawa pointi ya kwanza ya Twiga Stars katika fainali hizo.