Ulaya: Kwa nini wavutaji wa sigara ya umeme wanajichanganyia maji yao nyumbani

Katika inchi nyingi za Ulaya, hasa Ufaransa, Ubelgiji na Ujerumani, kuna wavutaji wa sigara ya umeme ambao hawanunui tena chupa iliyo tayari. Wananunua vitu vyake kimoja kimoja, wanavipeleka nyumbani na kuvichanganya wenyewe juu ya meza ya jikoni, kwa bomba la sindano lisilo na ncha na hesabu za simu. Ukiwauliza sababu, jibu la kwanza ni feza. Jibu hilo ni la kweli, lakini halitoshi. Sheria yenyewe iliyotaka kuwalinda ndiyo iliyowafundisha wengi wao kuchanganya.

Sigara ya umeme haichomi majani ya tumbako. Ndani yake kuna betri, waya unaopata moto, na maji kidogo ambayo yanageuka kuwa mvuke. Maji hayo ni mchanganyiko wa vitu vinne. Viwili ndivyo vingi: propilini glikoli, ambayo ni nyepesi na inabeba ladha, na gliserini ya mimea, ambayo ni nzito, tamu kidogo, na ndiyo inayotoa wingu jeupe. Cha tatu ni aroma: maembe, vanila, mnanaa, kahawa, hata ladha ya tumbako. Cha nne ni nikotini, ambayo mtu anaweza kuitia au kuiacha. Hakuna cha kupika wala cha kuchemsha. Anayejua kupima anaweza kuchanganya, na hapo ndipo uzuri wake na hatari yake zinapoanzia.

Chupa ya mililita 10

Sheria ya Umoja wa Ulaya namba 2014/40, ambayo kwa sigara hizi ilianza kufuatwa tarehe 20 Mei 2016, inakataza kuuza maji yenye nikotini katika chupa inayopita mililita 10. Inasema pia kwamba nikotini isipite miligramu 20 kwa kila mililita. Lengo lilikuwa kwamba mtu, na zaidi mtoto, asikutane na sumu nyingi kwa mara moja. Mbele ya hapo, mvutaji aliweza kuagiza lita nzima ambayo nikotini ilikuwa imekwisha kutiwa.

Lakini sheria hiyo iligusa maji yenye nikotini tu. Yasiyokuwa nayo yalibaki huru, na wenye butike waliuona mlango huo mara moja. Walianza kuuza chupa ya mililita 60 iliyotiwa mililita 50 za maji yenye ladha bila nikotini, na pembeni yake kichupa cha mililita 10 chenye nikotini bila ladha yoyote, ambacho Wafaransa wanakiita busta. Mnunuzi anafika nyumbani, anamimina kichupa ndani ya chupa kubwa, anatikisa. Busta moja ina miligramu 200 za nikotini; ikiingia katika mililita 60, inatoa zaidi kidogo ya miligramu 3 kwa kila mililita, kipimo ambacho watu wengi wanakitumia.

Ni hivyo watu ambao hawakuwahi kufikiri kuchanganya kitu walijikuta wamekwisha kuwa wachanganyaji. Kutoka hapo mpaka kununua lita ya maji ya msingi yasiyo na ladha, pamoja na aroma yake pembeni, ni hatua moja tu.

Hesabu ya feza

Nchini Ufaransa, kichupa cha mililita 10 kilicho tayari kinauzwa karibu euro 6. Mtu anayevuta sana anakimaliza kwa siku mbili. Mililita 100 ni vichupa 10, yaani kama euro 60.

Sasa tazama hesabu ya mwenye kuchanganya. Aroma ya mililita 10 anainunua euro 5 au 6. Anatia mililita 15 za busta, yaani busta moja na nusu, na kila moja ni karibu euro 1. Zinazobaki, mililita 75, ni maji ya msingi, ambayo hayafiki euro 2. Anapata mililita 100 zenye miligramu 3 za nikotini, na hajafikisha euro 10. Paketi moja ya sigara za kawaida nchini humo inapita euro 12. Kwa maneno mengine, bei ya sigara 20 inapita bei ya maji yanayoweza kumtosha mtu huyo karibu wiki tatu.

Kwa aliyeacha sigara baada ya miaka mingi, tofauti hiyo si mchezo. Wengi wao walikuwa zamani wakijiviringishia tumbako katika karatasi kwa sababu ileile. Sigara ya umeme ikianza kuwa ghali, paketi ya sigara bado iko pale pale kwa muuzaji wa tumbako, kwenye kona ya barabara.

Ujerumani imekwenda njia nyingine. Tangu tarehe 1 Julai 2022, serkali inatoza kodi kwa kila mililita ya maji ya sigara ya umeme, hata yasiyo na nikotini. Ilianza kwa senti 16, na sheria ikapanga ipande: senti 20 mwaka wa 2024, 26 mwaka wa 2025, na 32 mwaka wa 2026. Ukizidisha, lita moja ya maji ya msingi, ambayo yenyewe si zaidi ya euro kumi na kitu, inabebeshwa kodi ya euro 320. Wafanyabiashara walijibu kwa kuuza chupa kubwa ambayo chini yake kuna aroma kidogo tu, sehemu nyingine ikiwa tupu, kwa sababu kodi inahesabiwa kwa mililita zilizo ndani. Mnunuzi ndiye anayejaza. Na gliserini, ambayo farmasi inauza kwa ajili ya ngozi na dawa, haihesabiwi kuwa maji ya sigara. Kwa hiyo kodi hiyo haiigusi. Haishangazi kwamba wengine waliigeukia. Kodi inayofanya chupa ya butike, yenye karatasi inayoeleza kilichomo, iwe ghali mara nyingi kuliko chupa isiyokusudiwa kazi hiyo, inamsukuma raiya upande ambao hakuna anayemchunguza.

Ubelgiji, ambako wanaishi Wakongomani wengi, ilianza pia kutoza kodi tarehe 1 Januari 2024, senti 15 kwa mililita. Inchi hiyo inakataza kabisa kuuza sigara hizi kupitia intaneti, na tangu tarehe 1 Januari 2025 imepiga marufuku zile za kutumia mara moja na kutupa. Ufaransa iliifuata kwa sheria ya tarehe 24 Februari 2025.

Ladha iliyokatazwa

Kuna wasiochanganya kwa sababu ya feza. Uholanzi, tangu Januari 2024, inaruhusu madukani ladha ya tumbako peke yake. Denmark inaruhusu tumbako na mnanaa. Serkali hizo zinaeleza kwamba ladha za pipi na matunda ndizo zinazowavuta vijana, na hoja hiyo ina nguvu: mtoto wa miaka 14 ambaye hajawahi kushika sigara hatafuti ladha ya tumbako. Lakini mtu wa miaka 50 aliyeacha sigara naye hataki kukumbushwa harufu yake kila anapovuta. Mwenye kukaa Maastricht anafika Ubelgiji kwa dakika chache tu. Asiyetaka kuvuka mpaka ananunua aroma zinazouzwa kwa ajili ya keki, ambazo hakuna sheria ya tumbako inayoweza kuzikataza.

Wachanganyaji wa siku nyingi hatimaye wanaingia katika kazi hiyo kama mpishi. Wanajua kwamba aroma ya matunda inaweza kuvutwa siku ileile, lakini ile ya maziwa na vanila inahitaji kupumzishwa wiki mbili au zaidi, gizani, mpaka ladha zizoeane. Kwa hilo inafanana kidogo na kasiksi ya Kivu, ingawa hapa hakuna kinachochacha. Wanaandika tarehe juu ya chupa, wanaandika asilimia katika daftari, wanaonja, wanamwaga, wanaanza tena. Wengi walioanza kwa kukosa makuta wanabaki kwa sababu hiyo.

Kushuka polepole

Sababu yenye uzito zaidi haionekani kwenye risiti. Butike inauza vipimo vilivyopangwa: 12, 6, 3, kisha sufuri. Mtu anayetoka 6 kwenda 3 anapunguza nusu ya nikotini kwa siku moja, na mwili unalalamika: hasira, usingizi mbaya, hamu ya sigara. Mwenye kuchanganya anaweza kushuka kutoka 6 mpaka 5, akakaa hapo mwezi mmoja, kisha 4, kisha 3, kisha 2 na nusu. Hakuna anayemharakisha. Kuna pia wale ambao propilini glikoli inawakwaruza koo au kuwaletea mzio. Hao wanaongeza gliserini na kuipunguza ile nyingine mpaka koo litulie.

Hata hivyo, kushuka kwenye chupa si lazima kuwe kushuka mwilini. Utafiti uliofanywa kwa wavutaji umeonyesha kwamba mtu akipunguziwa nikotini, mara nyingi anavuta mara nyingi zaidi ili kujaza pengo. Namba iliyoandikwa kwenye chupa inapungua, lakini chupa inaisha mapema.

Wengine wanasema wanachanganya ili wajue wanachovuta. Woga huo ulikua mwaka wa 2019, ugonjwa mkali wa mapafu ulipowakumba wavutaji huko Marekani. Mpaka tarehe 18 Februari 2020, kituo cha serkali kinachochunguza magonjwa, CDC, kilikuwa kimehesabu watu 2,807 waliolazwa hospitali au kufa, na kati yao waliokufa walikuwa 68. Wengi wa wagonjwa walikuwa wamevuta maji yenye dawa ya bangi, mara nyingi yaliyopatikana kwa marafiki au kwa wauzaji wa mitaani, na uchunguzi ulielekeza kidole kwa mafuta ya vitamini E yaliyotiwa ndani ili kuyafanya yaonekane mazito.

Lakini kisa hicho kinawaonya wachanganyaji vilevile. Mafuta ya vitamini E yanamezwa kila siku bila shida; mapafu ndiyo hayakuyapokea. Aroma ya keki imepimwa kwa ajili ya tumbo, haikupimwa kwa ajili ya mapafu. Aroma iliyotengenezwa kwa mafuta haitakiwi kabisa ndani ya sigara ya umeme. Kuna pia diasetili, kitu kinachotoa ladha ya siagi. Kabla ya sigara hizi kujulikana, kilikuwa kimekwisha kuharibu mapafu ya wafanyakazi wa kiwanda cha bisi katika jimbo la Missouri, na hao walikuwa wakipumua harufu yake tu. Wenye kuchanganya kwa makini wanasoma orodha ya kila aroma ili wakikwepe. Wasiosoma wanavuta.

Chupa iliyo jikoni

Hatari kubwa zaidi ni ya mtu ambaye havuti kabisa. Nikotini ni sumu, na inapita hata katika ngozi. Kutoka sigara moja, mwili wa mvutaji unapokea kama miligramu 1 au 2. Busta moja ina 200. Nchini Marekani, ambako bado watu wananunua maji yenye miligramu 100 kwa kila mililita, chupa ndogo inatosha kuua. Mwezi Desemba 2014, mtoto wa mwaka mmoja alikufa katika jimbo la New York baada ya kumeza nikotini ya maji. Mwezi Januari 2016, rais Barack Obama alitia sahihi sheria inayolazimisha vifuniko ambavyo mtoto hawezi kuvifungua.

Ulaya nayo inalazimisha vifuniko hivyo kwa kila kichupa chenye nikotini kinachouzwa. Chupa ambayo mtu amechanganyia nyumbani haina mkaguzi: inaweza kuwa chupa iliyokuwa ya dawa ya kikohozi, bila jina, yenye harufu ya maembe, juu ya meza wanapolia watoto. Ndiyo maana wenye ujuzi wanavaa glavu, wanachanganya watoto wakiwa wamelala, wanaandika kipimo na tarehe juu ya kila chupa, na wanafungia busta katika kabati yenye ufunguo. Mtu akimeza, dalili za kwanza ni kutapika, jasho, kizunguzungu na moyo kwenda mbio. Hapo ni kumpeleka kwa munganga mara moja, pamoja na chupa yenyewe, ili ajue kipimo.

Zamu inayofuata ni ya Uingereza, ambako wizara ya feza imepanga kuanza kutoza pauni 2 na peni 20 kwa kila mililita 10, yenye nikotini au isiyo nayo, tarehe 1 Oktoba 2026. Ni inchi hiyo hiyo ambayo mwaka wa 2023 ilitangaza kwamba itawapa wavutaji milioni 1 sigara za umeme ili waache zile za kuchoma.