Tepu Haizuii Maji

Masika yakikaribia, swali ni lile lile: "Fundi, nizungushe tepu mara ngapi kwenye kiungo cha waya ili maji yasiingie?" Wanauliza wenye taa za sola Manundu, wanauliza wenye mabanda ya kuku Handeni. Hata ukimaliza roli nzima, maji yataingia.

Tepu nyeusi ya plastiki kazi yake ni kukinga mkono usiguse shaba. Jua hulainisha gundi yake, tepu inateleza, mwanya unabaki. Mvua ikinyesha, maji hupenya hapo na kunyonywa katikati ya nyuzi za shaba, chini ya ganda la waya. Jua likirudi, kiungo hakikauki, maana tepu uliyoirundika imefungia unyevu ndani. Nailoni juu yake hufanya vivyo hivyo. Nta ya mshumaa ya kuzibia nayo hupasuka upepo ukitikisa waya.

Wengine hujitetea: umeme wa sola ni mdogo, volti 12 tu, kiungo kibovu hakina neno. Hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote. Mzigo wa wati 60 kwenye volti 230 huvuta takribani ampea 0.26, kwenye volti 12 huvuta ampea 5. Kiungo chenye ukinzani wa omu 0.2 hapo hula karibu volti 1 nzima na kutoa joto la wati 5 mahali padogo kama ncha ya kidole. Taa zinafifia, unalaumu betri, unanunua nyingine, taa zinafifia tena. Isitoshe, mkondo wa sola huenda upande mmoja tu: kiungo kikiloa, shaba ya upande wa chanya huliwa mpaka ibaki kutu ya kijani.

Fanya hivi. Nunua waya mrefu usiohitaji kiungo. Ikishindikana, kata shaba iliyobadilika rangi mpaka uione inang'aa, bana kwa konekta ya saizi yake, visha mpira unaosinyaa kwa moto wenye gundi ndani. Viungo viwili visikae sambamba. Viweke kwenye boksi chini ya paa, waya uingie kutokea chini. Kiungo cha kuzikwa ardhini kimiminiwe utomvu maalumu unaoganda. Fyuzi ikae jirani na betri. Na kama ni volti 230, usiguse: mwite fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji.