Plaisi ya Kukunja: Ikaze Wapi, Ilegee Wapi

Plaisi ya kukunja haina kiwango kimoja cha kukaza kinachoifaa yote. Ndani ya zana hiyo moja inayoingia mfukoni mna mdomo wa plaisi, kisu kimoja au viwili, bisibisi, tupa, msumeno mdogo na kifungua kopo, na kila kipande huzunguka kwenye pini yake. Mipini inatakiwa ifunguke bila ubishi. Kisu kinatakiwa kigome kidogo kabla hakijatoka. Msumeno usiyumbe hata kidogo. Kifungua kopo kikiwa kigumu hadi kuumiza ukucha, hilo ni la kuvumilia, kwa sababu hakifunguliwi mara nyingi na hakimkati mtu.

Kombewa, kituo cha biashara kilicho kwenye barabara ya kutoka Kisumu kwenda Bondo, katika eneo la Seme, zana hii inaonekana mikononi mwa watu wa kazi tofauti. Mwendesha boda boda huivutia kebo ya klachi. Fundi wa sola huikatia na kuichunia nyaya juu ya paa. Mfugaji huipindia waya wa ua. Kwenye fuo za Seme, kama Asat na Kaloka, wavuvi huikatia kamba za nailoni na kuitolea ndoana kwenye taya la mbuta. Nyingi ya plaisi hizi ni zile za bei nafuu kutoka China zinazotandazwa kwenye meza za Kibuye na mitaa mingine ya Kisumu, na chache ni za kampuni za Marekani au Uswisi, zilizoletwa na ndugu aliye ng'ambo. Tofauti ya bei ni kubwa, lakini swali la mnunuzi ni lile lile: hii iliyo ngumu ni mpya tu, au ni mbovu? Na ile nyepesi, je, imelegea?

Kisu cha kukunja chenye zana nyingi kina zaidi ya miaka 100. Karl Elsener alifungua karakana yake Ibach, Uswisi, mwaka 1884, akaanza kulipelekea visu jeshi la nchi yake mwaka 1891, na tarehe 12 Juni 1897 akasajili kisu cha maofisa, babu wa vile visu vya mpini mwekundu vinavyojulikana leo. Plaisi iliingia baadaye sana. Mmarekani Tim Leatherman alizunguka Ulaya na mkewe mwaka 1975 kwa gari kuukuu la Fiat, na kila gari lilipogoma au bomba la hoteli lilipovuja, kisu cha mfukoni alichokuwa nacho hakikutosha; alichokosa ni plaisi. Alipata hataza mwaka 1980, na kampuni yake ikaanza mwaka 1983. Katika kisu cha Uswisi kila kipande hushikiliwa na springi ya mgongoni, yaani bamba la chuma linalokandamiza kitako cha kipande kikiwa wazi na kikiwa kimefungwa. Mipini ya plaisi ya kukunja mara nyingi haina springi yenye nguvu kama hiyo. Hukaa mahali pake kwa msuguano wa kiungo tu, na ndiyo maana swali la kukaza na kulegeza linaisumbua zaidi zana hii kuliko kisu cha kawaida.

Watu wengi huchanganya mambo mawili ambayo hayana lazima ya kwenda pamoja. La kwanza ni uzito wa kuzungusha: nguvu inayotakiwa ili kipande kitoke. Uzito huu huletwa na msuguano, na msuguano huongezeka kadiri skrubu inavyozibana pande mbili, na kadiri nyuso zinazogusana zilivyo na mikwaruzo au uchafu. La pili ni kuyumba: nafasi iliyobaki kati ya pini na tundu lake, au kati ya kipande na kuta za mpini, inayokiruhusu kipande kwenda kushoto na kulia. Zana iliyotengenezwa vizuri inaweza kufunguka kwa kidole gumba tu na bado isiyumbe. Zana mbovu inaweza kuwa ngumu kama imepigwa kutu, na bado ncha ya kisu ikatikisika. Anayekaza skrubu ili kuondoa kuyumba huku shida yake ni tundu lililotanuka ataishia kupata vyote viwili, ugumu na kuyumba.

Kuyumba kidogo kwenye pini huwa kukubwa kwenye ncha. Tuseme sehemu ya kisu inayobanwa na wosha kwenye kiungo ina upana wa milimita 10, na kuna uwazi wa milimita 0.1, unene wa karatasi ya daftari. Kisu chenye urefu wa sentimita 7 kitasogea karibu milimita 0.7 kwenye ncha. Kwa kukatia kamba hilo si kitu. Kwa kuchunia ganda la waya mwembamba wa umeme bila kukata nyuzi za shaba, au kwa msumeno unaotakiwa kufuata mstari mmoja, tayari ni kero.

Mdomo wa plaisi una hesabu yake nyingine. Mkono ukibana mipini sentimita 10 kutoka kwenye pini, na msumari ukawa sentimita 2.5 upande wa pili wa pini hiyo, nguvu huongezeka mara 4. Kubana kwa kilo 20 kunageuka kilo 80 kwenye msumari. Pini yenyewe hubeba jumla ya zote mbili, yaani kilo 100, kwenye kipande cha chuma chembamba kuliko penseli. Hapo mtu bado anabana moja kwa moja. Akianza kupindisha, kama wanavyofanya wanaong'oa nati ya pikipiki kwa plaisi badala ya kutafuta spana, mzigo unahamia upande ambao kiungo hakikuundwa kuubeba. Plaisi nyingi zilizolegea hazikulegezwa na umri. Zililegezwa na nati.

Kwa hiyo kila kipande kina kipimo chake. Mipini ya plaisi inafaa iwe mizito kiasi kwamba ukiuacha mmoja katikati ya safari ubaki pale pale, na myepesi kiasi kwamba mkono mmoja uweze kuifungua. Wapo wanaopenda mipini inayofunguka kwa kuirusha tu kwa kifundo cha mkono. Inapendeza kuitazama, lakini mipini iliyolegea hivyo hujifunga yenyewe wakati plaisi imeelekezwa juu, na aliyewahi kubanwa nyama ya kiganja kati ya mipini miwili hahitaji kuelezwa zaidi. Midomo nayo, tofauti na mipini, inatakiwa iwe laini kabisa, ifunguke na kufunga kama mkasi mzuri wa fundi cherehani, maana kazi yake ni kushika na kuachia mara kwa mara.

Kisu ndicho kipande ambacho kosa lake lina gharama. Kikiwa kimefungwa, kinatakiwa kivutwe kitoke, si kiteleze chenyewe. Katika visu vya springi ya mgongoni, kipande kizuri hukataa mwanzoni, kisha baada ya kupita nusu ya njia kikaruka chenyewe hadi mwisho kwa mlio mfupi mkali. Mlio hafifu na mwendo wa kusuasua ni dalili ya springi iliyochoka au uchafu uliojaa ndani. Katika zana zenye komeo, yaani ulimi wa chuma unaojipenyeza nyuma ya kisu kikifunguka, uzito wa kuzungusha unaweza kuwa mdogo zaidi, kwa sababu kinachokizuia kisu kisijifunge vidoleni ni komeo. Plaisi za mwanzo za Leatherman zilificha kisu ndani ya mipini, na mtu alilazimika kuikunjua zana nzima ili akifikie. Modeli ya Wave ya mwaka 1998 ilikihamishia nje na kukipa komeo, kikafunguka kwa mkono mmoja.

Mkono mmoja ni jambo zito ziwani. Wavuvi wa omena hufanya kazi usiku, kwa taa, na mkono mmoja uko kwenye wavu au kwenye ukingo wa mtumbwi. Vidole vimelowa na vina utelezi wa samaki. Kishimo kidogo kilichochongwa kwenye kisu ili ukucha ukishike hakisaidii katika hali hiyo, hasa kama kisu ni kigumu. Kamba ikimzonga mtu kwenye kifundo au ikijisokota kwenye propela, kisu kinachohitaji mikono miwili na meno hakifai. Kwa mvuvi, basi, wepesi una thamani kuliko kwa fundi wa sola, mradi komeo liwe imara na zana ikae kwenye mfuko wake mshipini, si ndani ya kaptula ambako kisu chepesi kinaweza kufunguka kwa kusuguana na funguo.

Sokoni, majaribio machache yanatosha, na muuzaji mwaminifu hayakatai. Zana ishikwe ikiwa imefungwa, ielekezwe chini na kutikiswa kwa nguvu: kipande chochote kikitoka, irudishwe mezani. Kisu kifunguliwe, mpini ushikwe vizuri, na ncha isukumwe taratibu kushoto na kulia kwa vidole viwili. Kusogea kunakohisiwa kidogo tu kunaweza kurekebishwa kama kuna skrubu; kusogea kunakosikika kwa mlio wa kugongana ni ubovu. Komeo lijaribiwe kwa kugandamiza mgongo wa kisu juu ya mbao, vidole vikiwa mbali na njia ya makali. Mwisho, midomo ifungwe na kuinuliwa kuelekea mwangani. Ncha zinatakiwa zikutane kwanza na kwa usawa. Ncha moja ikiipita nyingine, hiyo plaisi haitashika uzi wala ndoana, hata mipini yake iwe mitamu namna gani.

Ugumu wa zana mpya si lazima uwe kasoro. Kingo za vipande vipya huwa na vishikizi vidogo vya chuma vilivyobaki baada ya kukatwa na mashine, na hivyo husagika kwa kufunguliwa na kufungwa kwa wiki chache. Ugumu wa kuogopwa ni ule wa kukwama mahali pamoja kila mara, kwa sababu huo hutokana na pini iliyopinda au kuta zilizobonyea, na matumizi hayautibu.

Kwa zana iliyokwisha kutumika, ugumu mara nyingi ni uchafu. Januari na Februari vumbi la barabara za ndani za Seme huingia kila mahali; mvua za Machi hadi Mei zikija, vumbi hilo hugeuka tope. Magamba na ute wa samaki vikikauka ndani ya kiungo hushika kama gundi. Chuma kisichoshika kutu hupata sifa hiyo kwa kuwa na kromiamu isiyopungua asilimia 10.5, lakini nacho hushika kutu pale maji yanapokaa kwenye nafasi finyu isiyopata hewa, na hakuna mahali finyu kuliko kati ya wosha na kisu. Dawa yake ni maji ya moto, sabuni na mswaki wa zamani, vipande vyote vikiwa wazi, kisha kukausha juani hadi ndani. Kiungo kilichoganda kabisa kinaweza kulowekwa kwenye mafuta ya taa usiku kucha.

Baada ya hapo ndipo mafuta hutiwa, na si mafuta yoyote. Mafuta ya kupikia hulainisha siku hiyo hiyo, lakini yakikutana na hewa huganda polepole yakawa utando wa kunata, na mwezi haupiti zana imekuwa ngumu kuliko mwanzo. Oili chafu ya injini imebeba masizi na vumbi la chuma. Grisi hukusanya mchanga, na mchanga ndani ya grisi husaga kiungo kama msasa. Mafuta ya cherehani, ya kile kichupa kidogo cha madukani, ndiyo yanayofaa zaidi kwa bei yake: tone moja kila kiungo, kufungua na kufunga mara kadhaa, kisha kupangusa yote yanayoonekana nje.

Zana safi yenye mafuta ikiendelea kuyumba, zamu ni ya kukaza. Yenye skrubu hukazwa kidogo kidogo, sehemu ya nane ya mzunguko kwa wakati, ikijaribiwa kila mara. Skrubu nyingi za zana hizi zina kichwa cha nyota, na bisibisi bapa huzikwangua mpaka hazishikiki tena, kwa hiyo afadhali kutafuta ncha sahihi kwa mafundi wa simu kuliko kubahatisha. Skrubu inayojilegeza baada ya siku mbili hutiwa tone la gundi ya skrubu ya rangi ya buluu, inayoachia ikifunguliwa kwa bisibisi. Nyekundu huhitaji moto. Rangi ya kucha nayo husaidia kwa muda.

Yenye riveti hukazwa kwa nyundo. Fundi wa jua kali huweka kichwa cha chini juu ya chuma kizito, akachomeka kipande chembamba cha bati kati ya kisu na ukuta ili nafasi isipotee yote, akagonga kichwa cha juu kwa mapigo mepesi ya kuzunguka ukingo, kisha akachomoa bati na kujaribu. Pigo moja zito katikati hukaza zaidi ya kiasi, na riveti iliyokazwa kupita kiasi ni vigumu kuirudisha.

Kuna hali ambayo kukaza hakusaidii. Tundu likishatanuka likawa na umbo la yai, kwa sababu ya kupindishia nati au kukwangulia mchanga kwa miaka, pini itacheza hata skrubu ikazwe hadi mwisho. Fundi mwenye drili anaweza kulitoboa upya na kuweka pini nene zaidi, ikiwa chuma kilichobaki kandokando kinatosha. Kisipotosha, kisu huondolewa, wosha zikajazwa mahali pake, na zana ikaendelea na kazi kama plaisi tu.