Bresi ya mguu: mtoto akilia, irudishe kwa fundi

Ninapotembelea familia hapa Tanga, mara nyingi naikuta bresi ya mtoto iko uvunguni. Mama humwonea mtoto huruma kwa sababu analia akivalishwa. Lakini miezi ikipita, kifundo kinakakamaa na bresi haiingii tena.

Bresi inasaidia nini?

Kwa watoto wengi wenye mtindio wa ubongo, misuli ya nyuma ya mguu hukaza na kuvuta kisigino juu. Mtoto hukanyagia vidole na kuanguka mara kwa mara. Bresi ni kifaa cha plastiki kinachoshika kifundo na unyayo ili kisigino kikae chini. Haiponyi ubongo, na mazoezi ya kunyoosha misuli lazima yaendelee. Si kila mtoto anaihitaji.

Inapatikana wapi?

Anzia kitengo cha mazoezi tiba, Hospitali ya Bombo, uelekezwe. Vifaa hivi hutengenezwa pia KCMC Moshi na CCBRT Dar es Salaam. Fundi huchukua umbo la mguu wa mtoto kwa plasta, hivyo usiazime ya mtoto mwingine.

Namna ya kumvalisha

- Mvalishe soksi ndefu ya pamba isiyo na mikunjo. Ikilowa jasho, badilisha.
- Mkalishe, kunja goti, sukuma kisigino hadi nyuma kabisa, kisha funga mkanda wa kifundo kwanza.
- Mvalishe kiatu juu yake. Bresi tupu huteleza.
- Anza na saa moja au mbili kwa siku, ongeza kidogo kidogo.
- Kung'uta mchanga. Osha kwa sabuni na maji ya baridi, anika kivulini. Joto la jua kali au jiko hupinda plastiki.

Kagua ngozi kila ukivua

Alama inayotoweka ndani ya nusu saa ni kawaida. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo papasa: je, pana joto, uvimbe au maumivu? Alama ikibaki, au ukiona lengelenge au kidonda, acha kumvalisha na mrudishe kwa fundi. Usiikate mwenyewe.

Hata kama halii, apimwe tena kila baada ya miezi 3 hadi 6, maana anakua. Vidole vikipita ukingo, bresi imekuwa ndogo.

Mama, usiogope kuonekana msumbufu. Kurekebisha bresi inayoumiza ni sehemu ya kazi ya fundi.